Namba Saba

Jumatatu Lubumbashi yote iko kazini, uwanja hauna mtu.
Malori yananguruma mbali, barabara ya Kipushi,
vumbi jekundu limelalia matairi tuliyoyapanga kuwa ngome,
na mimi juu ya kreti ya bia
napakata bunduki za rangi, moja moja, zote kumi na mbili,
kama mama atafutaye chawa.

Watu hudhani kazi yangu ni kufuta rangi.
Kweli, ninafuta rangi.
Lakini ndani ya mpini kuna bodi
ndogo kama biskuti iliyoumwa,
na bodi ina maswali.

Shika kifyatulio, usikiachie, kisha washa.
Taa nyekundu yauliza valvu ikae wazi muda gani.
Ya kijani yauliza kasi,
na vijana wengi huishia hapo, wakashangilia.
Ya zambarau hawaifiki.
Ya zambarau yauliza hivi:
nikiguswa, nisubiri kiasi gani
kabla sijaamini kwamba ni kidole?

Unajibu kwa kubonyeza.
Mara tano: sehemu tano za elfu za sekunde.
Ukishuka chini ya hapo bunduki inakuwa mbea,
inasikia moja, inatangaza tatu.

(Mume wangu wa kwanza alikuwa sehemu mbili.
Kikombe kikigusa sahani tu
tayari amefyatuka.)

Saa nne akaja Papa Musau, mlinzi wetu,
redio kwapani, ufunguo wa geti shingoni.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuri la shaba,
na walipompa barua ya kupumzika
mikono haikuielewa barua,
mpaka leo inatetemeka zamu nzima.
«Leta na miye nijaribu.»

Nikampa iliyokuwa mapajani. Namba saba.
Akalenga mlango wa Toyota tuliouning'iniza kwa mnyororo.
Pa-pa-pa.
Manjano tatu, zikichuruzika kama mayai.

Akaishusha haraka,
kama mtu aliyeshikwa na pochi isiyo yake.
«Si miye. Niko napiga moja,
yeye iko nasema tatu.»

Nilijua. Nilikuwa nimekiona kidole:
kilikwenda mara moja
na kikarudirudi njiani, kwa hofu ya kufika.
Sikumwambia hilo.
Nikashika kifyatulio, nikawasha,
nikapita nyekundu, nikapita kijani,
nikaanza kubonyeza, naye akahesabu kwa sauti,
sauti ya mtu aliyewahi kuhesabu vipande vya shaba
vikipakiwa kwenye behewa:
kumi na tano, kumi na sita,
kumi na tisa. Basi.

Pa.

Tukangoja kidogo, wote wawili.
Hakuna kilichofuata.
Kunguru mmoja akahama ukuta.
Pa, tena. Moja.
Akautazama mkono, nao ulikuwa ule ule,
unapapatika kama kuku ndani ya mfuko wa sokoni,
ila mlangoni kulikuwa na doa moja, na jingine moja,
kila moja mahali pake.

Hakusema kitu.
Alichukua kitambaa changu, akaenda mpaka mlangoni,
akayatafuta yale matatu ya kwanza
na akafuta mawili.

Jumamosi walikuja wa kampuni ya madini,
buti mpya, keki ya bosi ndani ya boksi.
Mhandisi mmoja mrefu akanirudia jasho likimtoka:
«Dada, hii yangu inachelewa. Navuta mara kumi, inatoa sita.»
Nikaipindua, nikaipuliza, nikakunja uso kama daktari.
«Betri,» nikasema. Nikampa namba mbili.

Namba saba nimeitundika kwenye msumari wa nyuma,
karibu na kibanda cha zamu.
Betri nimeitoa kweli, nimeiweka kwenye tochi yake.
Bodi haijali.
Ukiirudishia betri hata baada ya mvua zote kupita,
itawaka, itakumbuka kumi na tisa.